Kipimajoto cha Nyama na Sindano Zake: Namna ya Kukitunza

Siku ya arusi watu hufurahi, tena hula nyama nyingi. Lakini tumeona arusi moja ambayo kesho yake na kesho kutwa watu kumi na mmoja waliletwa hospitalini kwa kuhara na kutapika. Watu wengine walianza kunong'ona kwamba kuna mtu aliyetia sumu. Hapana, hapakuwa na sumu. Sababu yake ilikuwa sindano moja ya chuma iliyolazwa usiku kucha katika beseni ya maji.

Sikieni namna ilivyokuwa. Kaka yake bwana arusi amehamia Marekani. Aliporudi kwa arusi alileta zawadi, kipimajoto cha nyama cha namna ile wanayoitumia kule wakichoma nyama. Siku ya kwanza walichoma mbuzi, nao walikitumia vizuri. Nyama iliiva, watu wakala, hakuna aliyeumwa. Jioni msichana mmoja mwenye bidii alikusanya vyombo vyote vichafu, masahani, visu, vijiko, pamoja na sindano ya kipimajoto na waya wake, akaviloweka vyote katika maji ya sabuni hata asubuhi.

Siku ya pili walichoma kuku. Walipochoma sindano katika paja la kuku, chombo kilionyesha digrii 76 upesi sana. Mama mzee mmoja alikata kuku kwa kisu, akaona damu karibu na mfupa. Akasema, "Wanangu, kuku huyu hajaiva." Kijana aliyeshika chombo akamjibu, "Mama, usihofu, chombo hiki hakikosi." Basi wakagawa nyama.

Katika wale waliougua alikuwamo mtoto wa miaka mitatu. Alipofika kwetu macho yake yalikuwa yameingia ndani, alilia bila machozi, na ngozi ya tumbo lake ukiivuta haikurudi upesi. Mtoto wa namna hii yuko karibu na kufa. Tulimpa maji ya chumvi na sukari ya hospitali kidogo kidogo usiku kucha, naye akapona. Lakini kama wangechelewa siku moja tu, pengine hatungemwona tena.

Ndugu msomaji, kipimajoto ni kama shahidi. Tunamwuliza, "Je, ndani ya nyama hii mna joto gani?" naye anajibu. Kama shahidi ni mzima tunaweza kumwamini. Kama ameharibika atajibu vilevile, lakini jibu lake litakuwa la uongo, tena atalitoa bila kusita. Kwa hiyo mwenye kipimajoto ana kazi mbili, kukitunza na kukijaribu. Vyombo hivi vinazidi kufika kwetu, katika mizigo ya ndugu zetu waliohamia ng'ambo. Ni vizuri tujue namna ya kuvitunza.

CHOMBO HIKI NI NINI?

Kina sehemu tatu.

Ya kwanza ni sindano ya chuma kisichoshika kutu. Ncha yake ni kali, kusudi iingie katika nyama. Ndani ya ncha mna kipande kidogo kinachosikia joto. Joto linapozidi, umeme mdogo sana hupita katika kipande hicho kwa urahisi zaidi. Chombo hupima umeme huo na kuugeuza kuwa hesabu ya digrii. Kwa hiyo ni ncha tu inayopima. Urefu mwingine wa sindano ni mpini tu.

Ya pili ni waya. Nje yake umefumwa kwa nyuzi nyembamba za chuma. Ndani yake mna nyaya mbili ndogo, nazo zimefunikwa kusudi zisigusane.

Ya tatu ni kisanduku chenye betri. Waya huingia ndani yake. Kisanduku hiki hutuma hesabu kwa njia ya redio mpaka kisanduku cha pili ambacho mtu huweka katika mfuko wake, au mpaka simu yake. Ndiyo sababu wanakiita kipimajoto kisicho na waya, ingawa sindano yenyewe ina waya. Lakini siku hizi wametengeneza vingine ambavyo havina waya hata kidogo. Betri yake na redio yake zimo ndani ya sindano yenyewe, nayo hulala katika kisanduku chake ili kujazwa umeme.

Kwa nini watu wa Marekani walitaka kupima nyama kutoka mbali? Ni kwa sababu ya desturi yao ya kuchoma. Katika sehemu za Texas, Tennessee, Missouri na Carolina watu huchukua kipande kikubwa cha kidari cha ng'ombe au bega la nguruwe, na kukiweka katika tanuru yenye mfuniko, juu ya moshi na joto dogo, labda digrii 110 au 120. Nyama hukaa humo saa kumi na mbili, pengine zaidi. Mpishi hawezi kusimama pale usiku mzima, tena kila anapofunua mfuniko joto hutoka na kazi hurudi nyuma. Basi sindano hubaki katika nyama, mfuniko hubaki umefungwa, naye mpishi hulala nyumbani na kisanduku cha pili karibu na kitanda. Joto likifika mahali alipopanga, chombo hulia na kumwamsha.

KWA NINI KUPIMA NDANI YA NYAMA?

Nyama mbichi inaweza kuwa na wadudu wadogo sana wasioonekana kwa macho, ambao watu huwaita mikrobe. Katika kuku wamo wale wanaoleta kuhara na homa. Katika nyama ya ng'ombe iliyosagwa wanaweza kuwamo wale wanaoleta kuhara damu na kuharibu figo za watoto. Katika nguruwe wanaweza kuwamo watoto wa tegu, ule mnyoo mrefu kama utepe, ambao unajulikana katika nchi yetu. Hao wote hufa kwa joto, lakini ni lazima joto lifike mahali walipo.

Watu wengi hutazama rangi tu. Wanasema, "Nyama si nyekundu tena, basi imeiva." Rangi hudanganya. Nyama iliyosagwa inaweza kugeuka kahawia kabla ya mikrobe kufa. Na nyama iliyochomwa juu ya mbabula inaweza kuwa nyeusi nje, na ndani ingali baridi.

Mwaka 1993, katika jimbo la Washington na majimbo mengine ya magharibi ya Marekani, watu zaidi ya 700 waliugua sababu ya kula nyama ya ng'ombe iliyosagwa na kuchomwa bila kuiva vizuri. Watoto 4 walikufa. Jambo hilo liliwahuzunisha watu wengi. Tangu hapo sheria za nyama ziliongezwa ukali, na mwaka 2000 serikali ya Marekani ilianza kuwafundisha wapishi wa nyumbani watumie kipimajoto kila siku, si watu wa hoteli tu. Basi tusidhani kwamba chombo hiki ni mchezo wa matajiri. Watoto walikufa ndipo watu wakajifunza.

Hizi ndizo digrii ambazo nyama inapaswa kuzifikia katika sehemu yake ya ndani kabisa:

Kuku, bata na ndege wote: 74 za Celsius (165 za Fahrenheit).
Nyama iliyosagwa, ya ng'ombe, mbuzi au nguruwe: 71 za Celsius (160 za Fahrenheit).
Kipande kizima cha ng'ombe, mbuzi, kondoo au nguruwe: 63 za Celsius (145 za Fahrenheit), kisha kiache kipumzike dakika 3 kabla ya kukata.

Angalia sana herufi iliyo karibu na hesabu. Vyombo vya Marekani mara nyingi huonyesha F, ndiyo Fahrenheit. Sisi tumezoea C. Kama chombo kinaonyesha 74 na herufi ni F, nyama yako ina digrii 23 tu za kwetu. Hiyo ni nyama mbichi kabisa! Katika vyombo vingi kuna kitufe cha kugeuza F kuwa C. Kigeuze siku ya kwanza.

ADUI WATANO WA KIPIMAJOTO

1. Uchafu

Sindano inapoingia katika nyama mbichi hubeba mikrobe. Ukiitoa pale na kuichoma katika nyama iliyokwisha kuiva, umerudisha mikrobe ndani ya chakula safi. Ninyi mnajua kwamba katika hospitali hatuchomi mtu sindano iliyomchoma mwingine. Fikirini vivyo hivyo jikoni. Tofauti yake ni kwamba sindano ya nyama inaweza kusafishwa na kutumiwa tena.

Fanya hivi. Ukipima na kuona nyama haijaiva, toa sindano, ioshe chuma chake, ndipo upime tena. Chukua kitambaa safi chenye maji ya moto na sabuni, futa kutoka upande wa waya kwenda kwenye ncha, kisha futa kwa kitambaa kingine chenye maji safi, kisha kausha. Kama una alkoli ya hospitali unaweza kufuta kwayo mwishoni, lakini mbali na moto, sababu alkoli huwaka upesi. Mafuta yaliyogandamana usiyakwangue kwa kisu wala kwa mchanga. Weka kitambaa chenye maji ya moto juu yake dakika chache, nayo yatalainika.

2. Maji

Huyu ndiye adui aliyewaangusha wale wa arusi. Chuma cha sindano hakiogopi maji. Lakini pale ambapo chuma kinakutana na waya kuna nafasi ndogo. Maji huingia hapo, hutembea ndani mpaka kwenye kile kipande kinachosikia joto, na umeme hupata njia nyingine ya kupita. Chombo huona umeme mwingi, nacho hudhani ni joto kubwa. Kwa hiyo sindano iliyonywa maji mara nyingi husema joto lililozidi lile la kweli. Hilo ni kosa la hatari, maana mpishi huondoa nyama mapema.

Basi usiloweke sindano yenye waya. Usiitie katika beseni pamoja na masahani. Shika waya kwa mkono mmoja, osha chuma kwa mkono mwingine, na ncha itazame chini kusudi maji yasirudi kwenye waya. Usiache mvuke wa sufuria ukipiga pale waya unapoanzia.

Kama imekwisha kulowa, usiitupe upesi. Ianike mahali pakavu penye joto siku mbili au tatu, kisha ijaribu kwa namna tutakayoeleza. Ikisema kweli, itumie. Ikiendelea kudanganya, itupe. Kisanduku bado ni kizima, na katika vyombo vingi unaweza kununua sindano nyingine peke yake.

3. Moto

Waya umefumwa kwa chuma, kwa hiyo watu hudhani hauwezi kuungua. Lakini kile kinachofunika nyaya ndogo za ndani kinaungua. Mwali wa moto ukiugusa waya, nyaya za ndani hugusana na sindano imekufa. Pitisha waya mbali na miali na makaa mekundu, ukingoni mwa mbabula au wavu. Mfuniko usiubane waya kwa nguvu.

Kisanduku nacho usikiweke juu ya mfuniko wala karibu na moto. Ni cha plastiki, kitayeyuka. Kitundike pembeni, mahali ambapo mvua haifiki.

Tena, sindano itokapo katika nyama ina moto mwingi. Ishike kwa kitambaa. Tumekwisha kufunga vidole vya watoto walioigusa.

4. Kukunja na kuvuta

Usiitoe sindano kwa kuvuta waya. Shika chuma chenyewe. Usiukunje waya mahali pamoja kama karatasi, bali uzungushe duara kubwa kama mtu anavyozungusha kamba ya kuteka maji. Usilazimishe ncha kuingia katika nyama iliyogandamana kwa baridi wala katika mfupa. Itapinda, na kile kipande cha ndani kitavunjika.

5. Betri

Betri dhaifu hufanya redio ikatike katikati ya kazi. Anza kazi ndefu na betri nzima. Baada ya kazi, kama hutatumia chombo kwa majuma mengi, toa betri. Betri iliyosahauliwa huoza na kutoa unga mweupe au wa kijani unaokula chuma. Ukiuona unga huo, usiuguse kwa mkono mtupu. Ufute kwa kitambaa chenye siki kidogo, kausha vizuri, nawa mikono, kisha weka betri mpya. Betri zilizokwisha usiwaachie watoto, wala usizitupe motoni.

KWA WALE WENYE SINDANO ISIYO NA WAYA KABISA

Sindano hii ina betri ndani yake, kwa hiyo ina sheria yake. Sehemu inayoingia katika nyama ina viungo ambavyo, katika vyombo vingi, haviwezi kuvumilia joto linalozidi digrii 100 hivi. Nyama ina maji mengi, na maji hayo ndiyo yanayovilinda. Juu ya sindano kuna alama. Ichome mpaka nyama ifunike alama hiyo. Ukiichoma nusu, moto utaua betri. Nyama nyembamba haifai kwa sindano hii.

Kabla ya kuirudisha katika kisanduku chake, ioshe na kuikausha. Mafuta yakibaki pale inapogusana na kisanduku, umeme hautaingia, nawe utadhani imeharibika. Tena usiiweke katika tanuru ya mawimbi ya umeme.

Kama hesabu inakatika, usikasirike upesi. Mawimbi ya redio hayapiti vizuri katika chuma na kuta nene. Mfuniko wa chuma na ukuta wa matofali hupunguza sana ule umbali ulioandikwa katika karatasi yake, maana mara nyingi umbali huo ulipimwa mahali pa wazi. Sogeza kisanduku au simu karibu zaidi.

NAMNA YA KUMJARIBU SHAHIDI

Jaribu sindano kabla ya kila karamu kubwa, na kila mara inapoanguka au kulowa. Kuna njia mbili.

Njia ya barafu. Jaza kikombe barafu iliyovunjwa vipande vidogo, kisha ongeza maji baridi kidogo mpaka yajaze nafasi kati ya vipande. Koroga. Ngoja dakika mbili. Tia ncha katikati, isiguse chini wala pembeni. Inapaswa kuonyesha 0 (au 32 kama ni F). Ikikosa kwa digrii moja, si kitu. Ikikosa kwa tatu au nne, usiiamini.

Njia ya maji yanayochemka. Hapa wengi hukosea. Karatasi ya chombo husema maji huchemka kwa digrii 100. Ni kweli pale pwani ya bahari. Lakini kadiri unavyopanda mlima, hewa hupungua uzito, na maji huchemka mapema. Kwa kila mita 300 za kupanda, punguza digrii moja. Mji wa Bukavu uko karibu mita 1,500 juu ya bahari, kwa hiyo maji yake huchemka kwa digrii 95 hivi. Goma ni vilevile. Lubumbashi, karibu mita 1,200, ni digrii 96 hivi. Basi mtu wa Bukavu akiona 95, asitupe sindano yake. Inasema kweli. Na akiona 100 pale Bukavu, ajue kwamba inadanganya, tena inadanganya kwa upande wa hatari.

Tia ncha tu katika maji, usitie mahali pa kuunganika na waya, na jihadhari na mvuke.

Wale wa arusi wangefanya jaribu hili asubuhi, kazi ya dakika tano tu, wangeona kwamba sindano imeharibika. Sisi tulipoijaribu baadaye katika maji ya barafu, ilionyesha digrii 19.

MAULIZO NA MAJIBU

Ulizo: Nichome wapi?
Jibu: Katika sehemu nene kuliko zote, mpaka ncha ifike katikati. Ncha isiguse mfupa, wala mafuta matupu, wala wavu wa chuma. Kwa kuku, choma sehemu nene ya ndani ya paja. Kisha pima mahali pa pili. Kama hesabu hazilingani, amini ile ndogo.

Ulizo: Nilichoma kipande kikubwa, hesabu ikapanda mpaka karibu 70, kisha ikasimama saa nyingi. Je, chombo kimekufa?
Jibu: Hapana. Watu wa Marekani wanalijua sana jambo hili. Nyama kubwa hutoa maji kama mtu atokavyo jasho, na jasho huipoza. Moto hutia joto, jasho huliondoa, hesabu husimama. Maji ya juu yakipungua itapanda tena. Ngoja, usiongeze moto kwa hasira.

Ulizo: Kuku wangu aliiva vizuri. Naweza kumwacha mezani mpaka jioni?
Jibu: Hapana. Kipimajoto kilikuambia habari za saa ile tu. Nyama iliyoiva isikae nje zaidi ya saa 2, na jua likiwa kali sana, isizidi saa 1. Ama iweke penye moto, ikae na joto linalozidi 60.

Ulizo: Mimi sina chombo hiki wala sina fedha za kukinunua. Nifanye nini?
Jibu: Usihuzunike. Kata nyama vipande vidogo, maana joto hufika upesi katikati ya kipande kidogo. Chemsha kwanza katika mchuzi mpaka ichemke kwa muda mrefu, ndipo uipitishe juu ya makaa ili ipate harufu nzuri. Nyama ya nguruwe usiichome ikiwa nzima kama huna kipimo. Na kuku, mkate karibu na mfupa, tazama. Ukiona damu au nyama laini inayong'aa, mrudishe motoni. Hii ndiyo kazi aliyoifanya yule mama mzee, naye alikuwa na haki.

Ulizo: Kipimajoto cha mgonjwa kinaweza kupima nyama?
Jibu: Hapana kabisa. Kile cha mgonjwa hupima karibu 35 mpaka 42 tu, na kama ni cha kioo kitapasuka. Na cha nyama kisitiwe katika kinywa cha mtoto.

Ulizo: Mtu akihara baada ya karamu, tumlete lini?
Jibu: Anza kumpa maji ya chumvi na sukari palepale. Mlete upesi kama ni mtoto mdogo au mzee, kama kuna damu, kama anatapika kila anachokunywa, kama hakojoi, au kama macho yameingia ndani.

MWISHO

Baada ya kila kazi, fanya mambo manne. Osha chuma. Kausha. Zungusha waya duara kubwa. Weka vyote katika kisanduku kimoja juu ya kabati, ncha ikiwa imefunikwa, watoto wasifike. Andika juu ya kisanduku siku uliyojaribu sindano mara ya mwisho, na hesabu uliyoiona katika barafu.

Na kama chombo kinasema jambo moja, na macho yako na kisu chako vinasema jingine, usigawe nyama. Irudishe motoni, kisha jaribu sindano. Nyama iliyochelewa nusu saa haijamwua mtu.

Yule msichana aliyeosha vyombo alikuja hospitalini siku ile ile kumtazama mtoto, akalia sana. Tulimwambia kwamba hakukosa kwa uvivu, alikosa kwa bidii, sababu hakuna aliyemfundisha. Kaka alileta chombo, lakini hakueleza namna ya kukitunza. Basi ninyi mnaoletewa zawadi hizi, ulizeni kwanza. Nanyi mnaozileta, fundisheni. Sasa yeye ndiye anayetunza kipimajoto cha nyumba ile. Walinunua sindano mpya, naye huijaribu katika barafu kabla ya kila karamu, yule mama mzee akisimama karibu na kisu chake.